Paa la Jirani

Wewe uliyekaa karibu na dirisha, acha kubetua mdomo. Nimesema tu kwamba jicho hupimwa kwa mwanga, umeshakataa. Unasema moyoni, "Tangu lini jicho likapimwa kwa kutiwa mwanga usoni?" Linapimwa. Nyamaza usikie.

Kulikuwa na mjane mmoja, nyumba yake juu mlimani. Chini yake kidogo alikaa mjane mwenzake. Waliazimana moto, waliazimana chumvi, walisaidiana kuzika waume zao. Siku moja mwana wa yule wa chini akaezua nyasi, akamwezekea mama yake mabati mapya. Kulipokucha, jua likapiga paa, mwanga ukapanda moja kwa moja hadi mlango wa jiko la yule wa juu, alipokuwa akichambua maharage. Akashindwa kujua lipi jiwe, lipi haragwe.

Je, alishuka kumpongeza mwenzake? Kushuka alishuka.

"Paa lako linanitoboa macho! Umelielekeza kwangu ili nijue kwamba umepata?"

"Jamani, shoga, na jua nalo nimeliweka mimi?"

"Usinijibu kwa kebehi. Lifunike!"

Mwenzake akalifunika kwa majani ya migomba, kutafuta amani. Masika yakaja, mwaka hata mwaka, majani yakaoza, mabati yakaliwa na kutu, mvua ikamvujia kitandani. Na salamu bado hakupewa. Mwishowe akafunga mzigo wake, aende kwa mwanawe, mbali. Akapanda kuaga. Akabisha hodi, akabisha tena. Mlango haukufunguliwa. Na mtu alikuwamo.

Mnadhani macho ya yule wa juu yalipona? Asubuhi yake sufuria yake mwenyewe, aliyoiosha na kuianika, ikamchoma vilevile. Ndipo akaenda hospitali.

Mpimaji akamkalisha katika chumba chenye kivuli. "Bibi, soma herufi zile ukutani." Akazisoma zote, mpaka zile ndogo za chini, akaringa. "Si nilisema? Macho yangu mazima."

Yule kijana akawasha taa pembeni mwa herufi, ikimtazama usoni, akaiongeza nguvu kidogo kidogo. "Haya, soma tena." Herufi zikazama katika weupe kama mawe ndani ya uji.

"Zima hiyo taa!"

"Taa hii namwashia kila mtu, bibi, na wengine wanasoma. Kwako ukungu umo ndani, mtoto wa jicho ameanza. Mwanga ukiingia hautulii, unatawanyika kama unga uliopulizwa."

Bibi akasema, "Kwa hiyo lile paa..."

"Paa gani, bibi?"



Ndio sisi hao. Kivulini tunasoma vizuri: humu ndani tunaimba, tunashikana mikono, tunaitana dada. Mwenzetu akiezeka, mtoto wake akifaulu, akipona ugonjwa tuliokwisha kumlilia, hapo taa imewashwa, Mungu anatupima. Na sisi tunapiga kelele, "Zima!"

Ule ukungu hospitali waliutoa. Anaona sawasawa sasa. Akikaa mlangoni mwa jiko anaona paa lenye kutu kule chini, na nyumba isiyofuka moshi.

Nimemaliza. Jua limewaka huko nje, na yuko mtu hapa kijijini ameezeka juzi. Mnamjua, na hamjaenda. Mimi natangulia kwake. Mlango naufunga nyuma yangu. Anayetaka kuja, aufungue kwa mkono wake.