Ngumi Haiviringi Kababu

Ngumi haiviringi kababu. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana, alipomwona yule jirani akimvuta bintiye kwa mkono kumrudisha ndani, na nyinyi mkacheka mkidhani ni maneno ya mtu mwenye njaa. Mlipoona mimi sicheki, mkataka kujua yametoka wapi. Basi kaeni, na huyo anayechezea kiberiti akirudishe mahali pake. Maneno haya yalizaliwa jikoni, katika mji wa Pangani, mikononi mwa mwanamke aliyeitwa Mwantumu.

Mwantumu alikuwa na mikono. Najua kila mtu anayo, lakini ya Mwantumu ilisifika mtaa mzima. Akikamua nazi, chicha hubaki kavu hata kuku wanaipita. Akikamua nguo, nguo haihitaji jua tena, inahitaji fundi. Mumewe, Mbwana, mtu wa mzaha, alikuwa akisema kwamba tangu walipofunga ndoa hajampa mkewe mkono wa Idi bila kuvua pete kwanza.

Katika nyumba aliyolelewa Mwantumu palikuwa na mila ya kababu, naye akaihamishia kwa mumewe pamoja na masanduku yake. Siku ya Idi kila mtu wa nyumba huviringiwa kababu yake kwa jina lake. Jina hutajwa, donge likaviringwa, likatiwa mafutani, na sharti afanye mama mwenye nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Kababu ikitoka nzima, mwenye jina atakuwa wa nyumba ile mwaka mzima. Ikipasuka ndani ya karai, mwenye jina atatoka na hatarudi.

Msiniulize kama ni kweli. Mwantumu alikuwa msichana alipoiona kababu ya kaka yake Hatibu ikipasuka na kusambaa mafutani, na mwaka huohuo Hatibu akaondoka kwenda Kongo kutafuta maisha. Hakuleta salamu hata moja. Mama yao alikufa akiutazama mlango. Kwa hiyo Mwantumu alipopata jiko lake, alikaza. Kila kababu aliibana ndani ya ngumi, akaibana tena, na ya yule aliyemhofia zaidi ndiyo aliyoibana kuliko zote.

Aliyemhofia zaidi alikuwa Riziki, kitinda mimba wake. Kaka zake wawili walikuwa watu wa kukaa, wakaoa mtaa wa pili, wakaridhika. Riziki alikuwa mtoto wa kupenda njia. Akienda dukani hufuatwa. Akichelewa chuoni hutafutwa. Alipofaulu kwenda kusoma Korogwe, mama yake alisema huko kuna mbu, kana kwamba wa Pangani walikuwa wamehama. Mwishowe Riziki akaposwa na Semboja, seremala wa Handeni, na Mwantumu akakubali shingo upande.

Tangu siku ya harusi hakuacha kutuma salamu. Kila msafiri wa Handeni alipewa zake: mwambieni aje, mwambieni mbona haji, mwambieni kama amezuiwa aseme ni nani amemzuia. Riziki kila akivutwa hivyo alizidi kukita miguu huko aliko. Idi zikapita bila yeye kukanyaga Pangani, na Mwantumu aliendelea kumviringia kababu yake, akaikaza, akaitoa nzima, akaiacha ikauka kwenye sahani kwa sababu hapakuwa na wa kuila.

Ndipo mwaka mmoja, Ramadhani ikiwa ukingoni, ikaja habari. Riziki ni mjamzito, na siku ya pili ya Idi atakuja na mumewe kula chakula cha mchana. Mwantumu alipiga kigelegele, kisha akakikatiza katikati, maana mleta habari alikuwa na neno lingine. Mama mkwe wa Handeni alikuwa ameshaandaa chumba cha uzazi.

Nyinyi wa siku hizi huenda mkaona ni jambo dogo. Kwetu mimba ya kwanza huja kuzaliwa kwa mama. Mwali huja na tumbo lake, akazaa, akakandwa, akalishwa uji wa pilipili manga, akatoka arobaini mikononi mwa aliyemzaa yeye. Riziki akizaa kwingine na mama yake yu hai, ni kama kutangaza kwamba hana kwao. Mwantumu akajua chakula kile cha mchana ndicho kitakachoamua.

Hakutaka nyama ya sokoni. Uani palikuwa na bata mzinga dume, aliyeletwa na Mbwana akiwa kifaranga na akakua akawa mtawala. Alituna, akatandaza mkia, akaburura mabawa chini, hata wageni wakawa wanapiga hodi wakimtazama yeye. Mbwana alimwambia mkewe, "Huyo mpike mchuzi. Nyama yake haina mafuta. Ile kababu ya mwenzake uliyotufanyia mwaka ule, ningemrushia mwizi, mwizi angekwenda kunishtaki."

"Mgeni wangu atakula kababu," Mwantumu akajibu.

Siku ile ya pili, asubuhi, kababu za mwaka zikiwa zimengojeshwa kwa ajili ya Riziki, Mbwana akanoa kisu na Mwantumu akashika miguu ya ndege kwa mikono yake ile isiyoponyokwa na kitu. Bata mzinga akajipinda mara moja tu. Mwiba ulio nyuma ya mguu wake ukazama kwenye shina la kidole gumba cha mkono wa kulia wa Mwantumu na kupasua kiganja. Ndege akachinjwa, sawa, lakini Mwantumu akapelekwa zahanati, akashonwa, akafungwa bendeji. Aliporudi, vidole vilikuwa vimevimba na haviwezi kukunjika. Alijaribu kukunja ngumi mbele ya jiko, akaona nyota.

Jirani yake, Bi Saumu, alikuwa amekwisha kutenga nyama ya kidari na mapaja, akaisaga kwenye mashine ya mkono. "Kaa," akamwambia. "Nitaziviringa mimi."

"Haiwezekani," Mwantumu akasema, na Bi Saumu aliijua ile mila, hakuendelea.

Basi Mwantumu akamwelekeza. Slesi za mkate wa jana zilowekwe kwenye maziwa mpaka zilainike. Nyama itiwe kitunguu kilichokunwa, thomu, tangawizi, kotmiri, pilipili manga, yai na chumvi. Siku zote yeye alikuwa akiukamua ule mkate mpaka tone la mwisho, kisha akaikanda nyama kama unga wa chapati. Leo Bi Saumu, ambaye hakuwa na mikono ya aina hiyo, aliutia mkate na maziwa yake, akachanganya kwa ncha za vidole, akaacha. Mwantumu alitazama akiuma mdomo. Aliona nyama imelegea, inang'aa, haina msimamo. Akaona karai la siku ile ya Hatibu.

Bi Saumu akauvika ule mkono mgonjwa mfuko safi wa nailoni, akaupaka mafuta kidogo. Mwantumu akasema bismillahi, akalitaja jina la Mbwana, akachota nyama na kuiweka kiganjani. Kiganja hakikufunga. Hakuwa na la kufanya ila kuiacha nyama ilale juu ya mkono uliofunguka, na kuizungusha kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka ikakubali yenyewe kuwa mviringo. Ikafuata ya kaka mkubwa, na ya kaka mdogo, na yake mwenyewe, na ya mkwewe Semboja. Ya Riziki akaiweka mwisho. Alipoimaliza akasimama, kisha akachota nyama nyingine kidogo na kuviringa kikababu kidogo kisichotajiwa jina, kwa kuwa mwenyewe hajazaliwa.

Zile za mwanzo zikaingia mafutani, na Mwantumu akafumba macho. Bi Saumu ndiye aliyemgusa bega. Kababu zilikuwa zimesimama nzima, zinatuna, zinageuka zenyewe kwa utulivu katikati ya povu. Mwantumu hakuamini. Maisha yake yote aliamini kwamba kinachoishika kababu ni ngumi, na sasa anaona haijawahi kuwa ngumi. Alihisi mwili unamsisimka, kama mtu aliyeonyeshwa kwamba nyumba aliyokuwa akiiegemea ili isianguke imejisimamia miaka yote.

Akatia ya Riziki. Mara ubavuni mwa kababu ukatokea ufa. Bi Saumu akanyanyua kijiko cha matundu aichukue. "Iache," Mwantumu akasema, na sauti haikuwa ya kwake. Wakaangalia wote wawili. Ufa ukafika mahali, ukatulia, ukapata rangi kama pengine pote. Kababu ikageuka, ikamaliza kuiva, ikatoka nzima na ufa wake.

"Subhanallah," Bi Saumu akasema kwa sauti ya chini, akaketi kwenye kibao cha mbuzi wa kukunia nazi bila kuangalia. Bahati yake mbuzi alikuwa amekunjwa.

Adhuhuri Riziki akafika, tumbo mbele, na mumewe nyuma amebeba kapu. Mkwe, kwa adabu, akala barazani na Mbwana. Bi Saumu akarudi kwake. Mama na mwana wakabaki uani, juu ya mkeka, na sinia la wali wa nazi kati yao, na mazungumzo yao yakawa ya watu wasiojuana. Za Handeni? Njema. Mvua? Imenyesha. Mkono umefanyaje, mama? Bata mzinga.

Riziki akaangalia sahani. "Yangu ipi?"

Mama yake akamwonyesha. Riziki akaichukua, na kabla ya kuitia mdomoni akaibonyeza kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni. Kidole kikazama. Akaitazama. Akamega, na maji ya nyama yakamtiririkia vidoleni, na harufu ya kotmiri ikapanda. Akatafuna kidogo, kisha akaacha kutafuna.

"Mama, umenipa ya baba."

"Hiyo ndiyo yako."

"Yangu haiwi hivi." Riziki hakuinua macho. "Yangu ndiyo huwa ngumu kuliko zote. Imesinyaa, imekuwa nyeusi. Nilikuwa naificha chini ya wali, nampa paka, na paka naye anaikataa. Nikajua tu kwamba katika nyumba hii laini ni za wenzangu."

Mwantumu akaona baridi inamshika juani. Miaka yote ile aliyokaza, akakaza mpaka mishipa ya mkono ikamsimama, hivi ndivyo mwanawe alivyokula.

"Wenzako sikuwaogopea," akasema. "Wewe siku uliyoanza kutembea, ulielekea mlango wa mbele. Kila Idi nilikuwa naiona yako inapasuka kabla sijaitia mafutani. Nikaibana, Riziki. Niliibana kwa nguvu zangu zote ili usiondoke."

"Nami nikaondoka kwa sababu hiyo."

Barazani Mbwana alikuwa akimchekesha mkwewe. Riziki akajifuta mikono, akasema alilokuja kulisema. "Nimekuja kukuaga, mama. Nitazaa Handeni."

Maneno Mwantumu alikuwa nayo, ameyapanga tangu Ramadhani: nani amekulisha limbwata, maziwa yangu unayalipa hivi, nitawaambia nini watu. Yalimfika ulimini. Mkono wake wa kulia ukatoka wenyewe kumkamata mwanawe kifundo cha mkono, kama ulivyozoea, ukafika, ukashindwa kufunga. Ukabaki umelala juu ya mkono wa Riziki na bendeji yake, wazi. Mwantumu akautazama. Akaikumbuka ile kababu kwenye povu, na ufa wake, na jinsi alivyosema iache.

"Zaa pale moyo wako utakapotulia," akasema. "Mimi nitakuja kukutazama, mkinikaribisha."

Ilimuuma kuliko ule mwiba, tusidanganyane. Lakini alilisema, na hakuongeza neno.

Mkono ule ulikuwa juu ya wa Riziki, angeweza kuuondoa wakati wowote, naye hakuuondoa. Kisha akaona kile kikababu kidogo pembeni mwa sahani.

"Na hiki cha nani?"

"Cha huyo uliye naye. Sikukitajia jina."

Riziki akakichukua, akakigeuza, akakila polepole, machozi yakimdondokea kwenye wali. "Hiki nimemlia mimi," akasema. "Kingine atakuja kukikuta. Mwambie baba asafishe chumba changu."

Akazaa Pangani, mtoto wa kike. Mtaa mzima ukaja kuona, na mtaa mzima ukasubiri pia kuona mambo ya arobaini, maana hakuna aliyemjua Mwantumu aliyeamini kwamba akishampata mjukuu atamwachia. Wengine walisema Semboja aje na askari. Siku ilipofika, Mwantumu mwenyewe alimvika mtoto, akamfunga Riziki kanga kiunoni, akabeba kapu hadi stendi. Akaagana nao, akasimama mpaka gari likapotea, akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Bi Saumu alikuwa akimngoja mlangoni. "Mwantumu, umewaacha waende?"

Mwantumu akainua mkono wake wa kulia, uliokwisha kupona. Sasa ungeweza kukunja ngumi vizuri tu kama zamani. Akaukunjua mbele ya shoga yake, na kovu likaonekana kutoka shina la kidole gumba hadi katikati ya kiganja.

"Shoga," akasema, "ngumi haiviringi kababu."

Idi iliyofuata hakutuma salamu kwa msafiri yeyote. Alikuwa jikoni, bendeji hana, mkono kaufungua kwa hiari yake, anaviringa ya Riziki, aliposikia hodi mlango wa mbele, na sauti ya mtoto.

Ngumi haiviringi kababu.