Kuku Aliyefunikwa Tenga

Mama mmoja wa mlimani, Eliwaza, alikuwa na kuku wachache na binti mmoja, Nakundwa. Siku moja kuku mwekundu alimdonoa mweupe hadi akamtoa damu. Wengine, wasio na ugomvi naye wowote, walipoiona damu nao wakaja kudonoa. Eliwaza akamkamata mweupe, akampaka masizi kidondani, akamfunika tenga. Uani pakatulia. Akajipongeza, maana mtu mzima akishapata kimya hudhani amepata amani.

Nakundwa naye alikuwa na yake. Huko darasa la nne, mtoto mmoja, Sifaeli, alimwita Kobe kwa sababu ya mguu wake mzito. "Mpisheni Kobe, asije akafika kesho!" Darasa zima likacheka, hata aliyekaa naye dawati moja. Kisha wakamwaga makande yake. Mwalimu, mtu wa tai shingoni, akamshauri Eliwaza ampumzishe binti nyumbani mpaka mambo yapoe. Eliwaza akaona ni busara.

Zikaja asubuhi za ukungu, ule unaoingia bila hodi na kukaa kitandani kama mgeni. Nakundwa alishinda chumbani, mwanga ukimfikia vipande vipande kupitia nyufa za ukuta. Kengele ya shule ilisikika kwa mbali, kama inalia chini ya maji. Eliwaza, akichambua maharage kizingitini, akasinzia. Akaona uani kumejaa matenga, na chini ya kila tenga mtoto mwenye sare, ametulia tuli. Katikati alitembea kuku mwekundu peke yake, pumba yote yake, akitafuta wa kumdonoa.

Aliposhtuka, Nakundwa alikuwa amesimama karibu naye, akitazama nje. Kuku mwekundu alikuwa ameshampata mwingine wa kumdonoa, mwenye madoa.

"Mama," akauliza, "mbona anayefungiwa ni aliyedonolewa?"

Eliwaza alimwaga maharage kwa kuinuka haraka. Akamtoa mweupe, akamfunika mwekundu, akamwekea maji na pumba, kwa kuwa hakumchukia. Mwekundu alipiga kelele kama anayechinjwa. Baadaye akanyamaza, akawasikiliza wenzake wakila. Alipofunguliwa alikuja taratibu, akasimama pembeni, akala alipopishwa.

Ndipo Eliwaza akamshika binti yake mkono, wakapanda na ukungu hadi shuleni. Hakwenda kuomba huruma. Hakuondoka mpaka Nakundwa amerudi kwenye dawati lake, na Sifaeli amehamishiwa karibu na meza ya mwalimu, ale hapo, awasikie wenzake wakicheza bila yeye, mpaka ajue kuomba nafasi kwa adabu.

Anayerudi nyumbani akilia mnamuuliza kulikoni. Anayerudi akicheka, nani kati yenu amewahi kumuuliza amemcheka nani?