Sanduku la Reale za Mizinga

Hapo zamani, katika mji wetu wa Kilimbani, ambao haukosi wajuzi wa kila jambo isipokuwa lile linaloulizwa, alikuwako Sultani Masudi, naye alipenda reale za mizinga kuliko mtu apendavyo wanawe. Reale hizo ni fedha za wafalme wa kale wa Spania, zimechorwa nguzo mbili. Nasi, kwa kuwa hatukupata kuona nguzo za namna ile, tukasema ni mizinga ya vita, na jina likakaa. Hatujaona haya mpaka leo. Sultani hakuzitumia hata moja, alizitia sandukuni tu, na Waziri Sefu ndiye aliyekwenda bandarini kumnunulia.

Basi siku moja mgeni akatazama sanduku lile, akashika reale moja, akatabasamu, akairudisha. Sultani akajua kwamba mna za bandia. Kwetu hata mchuuzi wa samaki hapokei reale mpaka aigonge jiweni asikie mlio wake, lakini Sultani akianza kugongagonga fedha zake, si mji mzima utajua kwamba kaliwa?

Na alikuwako mtu akiitwa Pandu, fukara wa kutupwa, mdomo wake ndio shamba lake. Huyu alikwisha kujisifu barazani, "Mimi tangu nizaliwe sijapokea reale ya bandia!" Watu wakacheka, maana walijua hajapokea hata ya kweli. Ila Waziri, aliyemchukia kwa utani wake, akayapeleka maneno yale kwa Sultani, kicheko akakiacha barazani.

Pandu akaitwa. "Ewe Pandu," Sultani akasema, "nichambulie hizi, za kweli mbali na za bandia mbali. Lakini usizigonge, usizing'ate, usizikwaruze, usizipime, wala usizitie mkono. Ukishindwa, shingo yako."

"Ee Bwana wangu, mimi na reale hatujapata kulala nyumba moja!"

"Mafundi wote husema hivyo. Njoo alasiri."

Pandu akarudi nyumbani, akaeleza yaliyompata. Mkewe, Bi Mize, akamwambia, "Nilikwambia, Pandu, ulimi huponza kichwa."

"Kichwa chenyewe hakijapata kunifaa, mke wangu," akajibu, "ila nimekizoea."

Ilipofika alasiri akaenda, akasema, "Bwana, wape watumishi wako bakshishi, kila mmoja reale moja, kwa mkono wako. Kisha nyamaza usikilize."

Sultani akastaajabu, akatoa. Mpishi akapokea, akabusu mkono, akatoka. Na alipofika kizingitini, penye jiwe, mazoea yakamshinda, akaigonga. Ikalia mlio mwembamba, mtamu. Akaja bawabu, ikawa vivyo hivyo. Akaja mtunza farasi, ya kwake ikasema ta! kama kigae, naye akasimama pale nje katoa macho, asiweze kurudi wala kwenda. Basi ikawa ta! na ta!, Sultani anasikia, na uso unamwiva.

"Sikugonga mimi, Bwana," Pandu akasema. "Mimi nimekatazwa. Wao hawakukatazwa."

Akabaki Waziri. Sultani akamwambia, "Nawe chukua yako, yoyote uipendayo." Waziri akapeleka mkono, akazipita za juu, akautumbukiza mpaka kiwikoni, akatoa moja ya chini kabisa.

"Waziri," Sultani akasema polepole, "hizi za juu umeninunulia mwezi huu. Mbona huzitaki?"

Waziri akaanguka magotini, akaomba radhi. Sultani akamvua kilemba cha uwaziri palepale. Kisha akalitazama sanduku lake, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Loo! Miaka yote hii silali, kumbe nalinda bati!"

Akamgeukia Pandu. "Chagua reale kumi, na sasa uzigonge upendavyo."

Pandu akainama. "Bwana wangu, nikiwa nazo nami sitalala. Nipe mchele. Mchele nikidanganywa, mke wangu ataniambia kabla sijashiba."

Sultani akacheka tena, akaamuru apewe magunia mawili. Pandu akayabeba mwenyewe, moja baada ya jingine, juani, huku anahema, kwa kuwa hakumwamini mchukuzi.