Ukurasa wa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa kisima, na kompyuta kando yake.

Na kiu ikawapo.

Kobe aliyeijenga pampu alikufa, akaacha kitabu cha mwongozo cha kurasa mia tisa. Ukiiandikia kompyuta amri, maji huja. Kiboko alijua amri moja tu, "jaza bwawa", na bwawa lilikuwa lake. Akalala mlangoni mwa kibanda chenye kompyuta na kitabu.

Sange, mnyama wa pua ndefu, mdogo hata kwa panya buku, alikuwa na watoto watatu bondeni, hatua chache chini ya kisima. Midomo yao ilikuwa imepasuka.

"Mjomba Kiboko, niazime kitabu."

"We, na pua hiyo? Haya, soma. Jua likizama, utoke."

Sange akaanza ukurasa wa kwanza. Akasoma, akasoma, akasoma. Historia ya pampu. Shukrani za Kobe kwa mkewe. Saa sita mchana yuko ukurasa wa arobaini, na kitindamimba wake ameacha kulia. Kimya kile kilimtisha.

Akakifungua kitabu nyuma, kwenye orodha ya maneno. Mfereji: ukurasa 312. Pale palikuwa na mfano wa mistari miwili. Akaunakili, ta-ta-ta.

Tiii! "Kosa, mstari wa pili. Mfereji huu haupo."

"Bwa-ha-ha!" Kiboko akacheka. "Imekukataa!"

Sange akainamia kompyuta. Aliusoma ujumbe tena. Mstari wa pili ulikuwa bado na jina la mfereji wa kwenye mfano. Akalifuta, akaandika: mfereji wa bondeni.

Kiboko akainuka. "Lete hicho kitabu. Nataka amri ya kufunga mifereji yote, ubaki wangu."

Sange alikwisha kuiona. Ilikuwa ukurasa uliofuata.

"Chukua, mjomba. Ila kurukaruka kurasa ni kwetu sisi wadogo. Mkubwa huanza mwanzo, haruki hata mstari."

"Unanifundisha mimi? Tangu nizaliwe sijaruka kitu."

Akaenda kukaa nacho ukingoni mwa bwawa, akaanza na historia ya pampu.

Sange akabonyeza, ta. Bwaaa! Maji yakashuka bondeni. Kitindamimba akanywa, akakohoa, akalia tena.

"Nani kafungua?" Kiboko akanguruma.

"Wewe soma tu, mjomba. Utafika."

Sasa bwawa limebaki la magotini. Kiboko yuko ukurasa wa sitini na moja.

Hadithi imekomea hapo, maji yangali yanakwenda. Mwenye kiu anywe, mwenye miwani asome.

Na funzo lake ni hili: usiguse mashine kabla hujasoma mwongozo wote, neno kwa neno. Anayetufundisha hivyo ni Mzee Kiboko, naye bado anasoma.