Kwa Nini Wavukao Isyonga Hugonga Muhuri

Zamani, mtu aliyevuka uwanda wa Isyonga alivuka kama ndege angani: akishapita, hakuna aliyejua kama amepita. Uwanda ule uko juu kuliko mawingu. Hauna mti, una nyasi, vinamasi na mawe. Mwezi wa saba huanguka sakitu, umande ulioganda, nyasi zikawa nyeupe na kuvunjika chini ya unyayo, na ukungu ukishuka mtu haoni mkono wake mwenyewe.

Walikuwapo ndugu wawili, Subilaga na mdogo wake Tusekile. Subilaga aliolewa upande wa mashariki wa uwanda, Tusekile upande wa magharibi. Kwa kuwa kila mmoja alihofia usalama wa mwenzake njiani, walificha chungu chenye kifuniko chini ya jiwe lililo katikati ya njia. Ndani waliweka kitambaa cha gome la mti, na masizi yaliyokorogwa kwa mafuta. Kila mmoja alichonga muhuri wake wa mti: wa Subilaga ua, wa Tusekile unyayo wa kunguru. Apitaye aligonga muhuri wake, na mwenzake akija akauona, moyo ulitulia.

Kisha mama yao akafa, akiwa kwa Subilaga. Tusekile alipewa habari, akavuka mbio, akakuta kaburi limeshafukiwa. Alisimama pale na shuka lake la matanga, hakulia. Alisema tu, "Hamkuweza kuningoja hata siku moja." Akageuka, akarudi alikotoka. Kwa nini hakungojwa, hakuuliza, wala hakupata kujua.

Mwaka ule, mwezi wa sakitu, chumvi ilimwishia, ikambidi aende gulioni mashariki. Alipokwisha kununua, Subilaga akamwona, akamfuata hadi mwanzo wa njia.

"Mdogo wangu, ukungu unashuka. Lala kwangu, uvuke kesho."

"Kwako nimeshachelewa mara moja," alijibu Tusekile, akajitwika mzigo wake wa chumvi.

Alifika kwenye jiwe vidole vimekufa ganzi. Kwa mazoea akatoa chungu, akafungua kifuniko. Maua ya dada yake yalikuwa yamejaa kwenye kitambaa, mengine ya majuzi, ingawa Tusekile mwenyewe hakugonga chochote tangu matanga. Alichovya muhuri katika masizi. Akaushika juu ya kitambaa, akaushika, mpaka tone likadondoka. Kisha akaufuta kwenye nyasi.

"Hakuningoja," alisema. "Naye angoje, aone."

Akafunika chungu, akaenda zake. Alifika kwake salama, akala, akaota moto. Moyoni alihisi utamu kidogo, ule wa mtu aliyelipiza.

Asubuhi shemeji yake alibisha hodi, ndevu zake zikiwa na umande mweupe.

"Shemeji, dada yako yuko hapa?"

"Hapa? Aje kufanya nini?"

"Jana alishindwa kukaa. Alipanda akatazame chungu. Aliniambia, 'Nikiona muhuri wake, narudi.'"

Tusekile alishika mwimo wa mlango. Kisha akatoka mbio pamoja na shemeji yake kuelekea uwandani.

Walimtafuta hadi jua lilipokuwa utosini. Wachungaji wa kondoo walisema walisikia jana mtu akiita jina, akiita upande huu na upande ule wa vinamasi, mpaka sauti ikakauka. Jina gani? Wakasema, "Tusekile." Walimkuta ameketi kando ya maji yaliyoganda, mbali sana na njia, na mgongoni amefunga blanketi la pili ambalo hakulifungua. Lilikuwa la kumfunika mdogo wake atakapompata.

Safari hii Tusekile hakuchelewa kuzika. Baada ya matanga alipanda peke yake hadi kwenye jiwe, akagonga unyayo wa kunguru, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka masizi yakakauka. Hakuna aliyekuja kuutazama.

Ndipo akaanza kukaa njiani. Kila aliyepita alimwomba achonge muhuri wake, agonge kabla ya kuendelea, ili wanaomngoja wajue amepita. Wengine walimcheka, wakamwita mwanamke wa masizi. Yeye aliwafungulia chungu tu. Chungu kilipojaa alificha kingine mbele, chini ya jiwe jingine, na watu wakaanza kuvitafuta wenyewe. Alizeeka katika kazi hiyo. Aliposifiwa kwamba ameokoa wengi, aliinamisha uso, akasema, "Mmoja sikumwokoa."

Na tangu enzi hizo, avukaye Isyonga wakati wa baridi hutafuta chungu chini ya mawe, hata vidole vikimuuma, akagonga muhuri wake mwenyewe wala si wa mwingine. Walionuniana nao hugonga. Na kitambaa kipya kikiwekwa, nafasi ya kwanza huachwa tupu. Hapo hapagongwi na mtu. Ni nafasi ya muhuri ule ambao Tusekile alikuwa nao mkononi, akaufuta.