Maji ya Kwanza ya Ndiva

Hapo zamani, na mtu asinicheke, kwani zamani yangu mimi haina sultani wala sungura. Zamani yangu ina simu, ina vocha, na ina betri inayokufa katikati ya maneno. Sogeeni. Hadithi hii wengi wameisimulia, lakini waliisimulia kama watu wanaotafuna mchanga. Leo mmempata bingwa, kaeni vizuri.

Palikuwa na kijiji kule Upare, juu milimani, mahali ambapo ukidondosha boga unakwenda kuliulizia kijiji cha chini, nao wameshalipika. Watu wa pale walilima tangawizi, na tangawizi inakunywa maji kama mgeni wa harusini anavyokunywa soda. Maji yalitoka kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa lenye ukuta wa mawe na udongo. Kijito kinalijaza kuanzia mchana mpaka alfajiri, kisha mlinzi anachomoa kizibo, maji yanashuka mferejini, na kila nyumba inachukua kwa zamu.

Mwenye zamu ya kwanza anapata maji yanayokimbia. Mwenye zamu ya mwisho anapata tope na vyura. Shamba lako liwe karibu, liwe mbali, hilo ni lako na miguu yako. Zamu ndiyo zamu.

Sasa, zamu ya kwanza ilikuwa haina mtu. Nyumba iliyokuwa nayo ilihamia mjini, ikafunga mlango na kusahau kuaga. Na desturi ya pale, zamu ya kwanza haiombwi wala hainunuliwi. Hupewa mtu aliyeitendea ndiva wema. Mlinzi wa ndiva, Mzee Mbonea, alitangaza siku ya msaragambo, siku ambayo kijiji kizima hutoka na majembe kusafisha mifereji.

"Kiangazi kikianza nitamtaja mtu," alisema. "Na kuanzia leo asinisalimie mtu kwa sauti tamu."

Watu wakaanza kumsalimia kwa sauti tamu kabla hata hajakunja mkeka.

Walioitaka zamu ile walikuwa wengi, lakini waliokuwa na shida nayo kweli walikuwa watatu.

Kajiru, kijana fundi simu, shamba lake lilikuwa na zamu ya mwisho. Baba wa mchumba wake alikuwa ameshamwambia wazi: "Binti yangu hatatoka kwangu kwenda kufuga vyura."

Namkunda, dada mmoja mwenye maneno makali, alikuwa na kitalu cha miche yeye na wanawake wenzake. Kiangazi kilichotangulia miche yote ilikauka, na wenzake walisema ikikauka tena kila mtu ashike njia yake.

Mama Nakiete, mjane, alikuwa na shamba lililokaa chini kabisa ya ukuta wa ndiva. Maji yalipita mlangoni kwake yakiimba, naye haruhusiwi kunawa hata vidole mpaka zamu yake ya mchana ifike. Wanawe walimwita mjini kila wakati. Yeye alijibu: "Tangawizi yangu ikishindwa, nitakuja. Bado haijashindwa."

Hao ndio watatu. Mmewashika? Wewe uliyesinzia hapo, umewashika?

Haya. Ndiva ile ilikuwa na mwiko. Inapojaa haiangaliwi. Walisema macho hunywa maji. Wakitazama watu wengi, asubuhi mtaikuta nusu. Kwa hiyo ndiva ilijaa peke yake kila siku, na hakuna mtu aliyejua inajaaje.

Kajiru akaja na kidude. Alichukua dumu tupu la mafuta ya kula, waya, na simu kuukuu, akavifunga kwenye mti alioupigilia ukutani. Dumu likielea juu, simu inatuma ujumbe. Dumu likishuka, simu inatuma ujumbe. Mzee Mbonea akaja na fimbo yake.

"Kijana, hiki kinaangalia maji?"

"Hapana, babu. Hakina macho. Kamera yake niliing'oa nikaiuza."

"Uliiuza kweli?"

"Muulize Elinami, ndiye aliyeuziwa. Anapigia picha mbuzi wake."

"Sasa kitajuaje maji yamefika wapi?"

"Kinapapasa."

Mzee Mbonea alifikiri. Alifikiri sana, maana mzee yule kufikiri kwake ni kama kupanda mlima na mzigo. Mwisho akasema, "Kupapasa hakukukatazwa."

Kidude kikakaa. Kila alfajiri simu ya Kajiru ikalia: imejaa. Akaacha kurauka bure. Watu wakamcheka, kisha wakaanza kumuuliza kichinichini, "Eti Kajiru, leo imefika wapi?"

Alasiri moja, mvua za mwisho za masika zilikuwa zimenyesha juu msituni na kijito kilikuwa kimevimba. Kajiru alikuwa kibandani kwake, ameinamia simu ya mtu. Yake ikalia. Akaisoma. Akaisoma tena. Maji yanashuka.

Wakati ndiva inapaswa kujaa! Kajiru akaacha simu ya watu wazi, akakimbia kumwita Mzee Mbonea. Wakafika ndivani na wanaume wengine. Wakapapasa kizibo: kizima. Wakapapasa mdomo wa mfereji: mkavu. Kisha wakasimama wote pale, wameipa ndiva mgongo ili wasivunje mwiko, wanabishana wakitazama milima. Hebu wawazeni. Wanaume wazima, mgongo kwa maji, kila mmoja anamwuliza mwenzake, "Unaona nini?"

Ndipo akaja Namkunda na droni. Chama cha wakulima wa tangawizi kilikuwa na droni moja ya kutazama ugonjwa wa majani kutoka juu, na aliyejua kuirusha ni yeye. Wanaume walimwita Mama Nzi.

"Mama Nzi," akasema mmoja, "hapa hapana majani."

"Na wewe huna macho," akajibu Namkunda, "ndiyo maana nimeleta ya kwangu."

"Hiyo inaangalia maji?" akauliza Mzee Mbonea.

"Inaangalia ukuta kwa nje, baba. Ukuta hauna mwiko."

Droni ikapaa, ikashuka bondeni, ikasimama mbele ya ukuta upande wa chini, penye vichaka ambapo mtu hapiti. Kwenye kioo cha kuongozea droni wakaona tobo, na maji yanatoka humo mekundu kama chai ya rangi. Hapo hata waliokuwa wanacheka wakasogea karibu. Maji yakitoka mekundu, yanakula udongo wa ndani. Ukuta ulikuwa unaliwa. Na chini ya ukuta, baada ya mashamba, kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba kulikuwa na watu wanapika.

Ndiva ilitakiwa kumwagwa, na haraka. Wakachomoa kizibo, lakini mdomo wa mfereji ni mwembamba; kijito kilikuwa kinaingiza maji mengi kuliko unavyotoa. Wote wakajua dawa ni moja. Ubavuni mwa ukuta palikuwa na njia pana ya zamani, waliyoichimba mababu ili ndiva ikizidiwa ipumue. Njia hiyo ilikuwa imefukiwa miaka mingi, na juu yake, kuanzia juu mpaka chini, ilikuwa imesimama tangawizi ya Mama Nakiete. Tangawizi iliyokomaa. Tangawizi ya kuvunwa.

Kajiru alitazama simu yake. Namkunda alitazama kioo chake. Mzee Mbonea alitazama fimbo.

Mama Nakiete alitoka shambani na jembe begani.

"Mbona mmenyamaza kama mmefiwa?"

Akalishusha jembe chini.

"Mnaogopa kuniomba, siyo?"

"Mama Nakiete," akaanza Mzee Mbonea, "sisi tu..."

"Basi usiniombe, shemeji. Ukiniomba nitakataa."

Akalipiga jembe yeye mwenyewe. Alipiga, akapiga, mpaka udongo ukaachia na maji yakapita. Yalichukua tangawizi, yalichukua matuta, yalichukua hata mti aliokuwa akianikia nguo. Shamba likabaki mawe na udongo haba. Lakini ndiva ilishuka. Wanaume wakaziba tobo kwa mawe na mfinyanzi, na kule chini watu wakaendelea kupika, wengine hawakujua hata kama walikuwa karibu kufa.

Mimi simlilii mtu hapa. Nawaambia yaliyotokea tu.

Kiangazi kikaanza. Alfajiri ya siku ya kwanza kijiji kizima kilikusanyika ndivani. Mzee Mbonea alishika kizibo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, akasema, "Walioitendea ndiva wema waseme."

Kajiru akasimama wa kwanza. "Babu, ndiva ilikuwa inakufa na nyinyi mmeipa mgongo. Aliyepiga kelele ni nani? Kidude changu. Bila ujumbe ule, mngejua habari mkiwa mnaelea. Zamu ni yangu."

Namkunda akacheka. "Ujumbe ulisema maji yanashuka. Ulisema yanapita wapi? Mlikuwa hapo mnapapasa kizibo kama mnapapasa ng'ombe wa mnada. Aliyeliona tobo ni mimi. Halafu, mdogo wangu, tobo lenyewe lilikuwa wapi? Si palepale ulipopigilia mti wako?"

"Lile ni la fuko!" Kajiru akaruka. "Nyayo zake niliziona!"

"Fuko amekushika mkono ukapigilia?"

Watu wakaguna. Wengine walisema ni fuko, wengine walisema ni mti. Ukuta ulikuwa umeshazibwa, na hakuna awezaye kuufumua ili aulize.

"Na wewe dada," Kajiru akamgeukia, "kabla ya hapo, ulipokuwa ukitazama majani ya tangawizi, droni yako haikupita juu ya ukuta? Hukuona unyevu?"

Namkunda akautazama ukuta. "Niliona majani mabichi chini ya ukuta," akasema. "Ningesema, mngeniuliza nilikuwa naangalia nini huko. Mngeniambia nimekunywa maji kwa macho. Mwiko ni wenu. Mimi niliuheshimu, na siku uliponishinda nikauzunguka."

Mama Nakiete hakusimama. Aliongea akiwa amekaa juu ya jiwe.

"Mimi sina simu. Wala hicho kinachoruka sina. Nilikuwa na tangawizi. Ninyi nyote mmetoa mlichonacho na bado mnacho; Kajiru simu anayo, Namkunda nzi wake anaye. Mimi nilichotoa kimekwenda na maji. Bila zamu ya kwanza siwezi kupanda tena kwenye mawe yale. Nitafunga mlango niwafuate watoto."

Watu wakainamisha vichwa. Lakini Kajiru, na sauti yake ikiwa ya chini sasa, akasema, "Shikamoo, mama. Naomba niseme. Ile ilikuwa njia ya ndiva. Marehemu mume wako ndiye aliyeifukia akapanda juu yake, na wewe ukaendelea. Ingekuwa wazi, ndiva ingepumua yenyewe, na hapangekuwa na hatari ya kukimbilia. Ulitoa chako, au uliirudishia ndiva njia yake?"

"Marahaba," akasema Mama Nakiete. Akalitazama shamba lake, na kila mtu akamwona analitazama.

Wakati huo huo simu ya Kajiru ikalia. Hakuhitaji kuisoma, maana maji yalikuwa yanasikika. Imejaa. Kizibo hakijachomolewa, na kijito hakijui kikao. Maji yakaanza kumwagikia ile njia ya ubavuni iliyoachwa wazi, yakishuka kwenye shamba la Mama Nakiete, yakisomba ule udongo haba uliobaki, bila kumnywesha mtu.

"Mzee, chomoa!" watu wakapiga kelele. "Chomoa!"

"Nichomoe yaende kwa nani?" akauliza Mzee Mbonea.

Mimi ninajua ningemtaja nani, lakini mkinisikia mtaniiga tu. Kwa hiyo semeni ninyi, na semeni upesi, udongo unakwenda: kuna aliyeisikia ndiva, kuna aliyeliona tobo, na kuna aliyelipasua shamba lake kwa jembe lake. Kizibo kikichomolewa, maji ya kwanza yaanzie shamba la nani?