Mbuzi Asiyetoka Kuinama

Paukwa!
— Pakawa!
Mmeitikia kama mnaoumwa jino. Paukwa!
— Pakawaaa!
Kaondokea Fisi, kajenga jukwaa, pazia la mkeka, kinyago cha zimwi. Mbele pa kuchezea, na nyuma pa… Nyuma pa nini, mtaona wenyewe.

Hapo kale Fisi alikuwa na kikundi cha maigizo. Kikundi chenyewe ni yeye na mbuzi mmoja, basi. Na mchezo ni uleule. Mbuzi anapotea msituni, zimwi linatokea, pazia linafungwa. Mbuzi analia meee! Halafu kwacha! Kwaru! Kimya. Fisi anatoka peke yake, kavua kinyago, kifua chekundu, anainama. Watu wanapiga makofi mpaka viganja vinawaka.

Na kila mchezo una mbuzi mpya. Ukiuliza yule wa juzi yuko wapi, Fisi anakujibu, "Amepata jina, amekwenda mjini. Msanii akishapata jina atawakumbuka nyie?"

Watu wanaguna, wanasema kweli, mbuzi wana majivuno.

Siku moja Mwalimu Korongo akawapeleka wanafunzi wake kuutazama. Shule yake ilikuwa na desturi: baada ya mchezo, mwanafunzi anapanda kisikini mbele ya watu wote, anasema kipi kizuri, kipi kibovu, na kwa nini. Na mchezaji lazima asikilize. Ila wanafunzi walikuwa wavivu. Kila aliyepanda alisema, "Mchezo ulikuwa mzuri sana, tumejifunza mengi," akashuka.

Mmoja wa wanafunzi hao, Kindi, ni mdogo, mbele yake kakaa Nyati, haoni kitu. Akapanda mti uliokuwa kando ya jukwaa, akakaa kwenye tawi. Siku hiyo aliyecheza ni Shangazi Mbarika, yule mbuzi mwenye kengele shingoni. Zimwi likatokea. Pazia likafungwa. Lakini Kindi yuko juu, na juu hakuna pazia.

Meee! Kwacha! Kwaru!

Mkia wa Kindi ukasimama kama fagio. Chini pale kulikuwa na pembe. Kulikuwa na kwato. Kulikuwa na kengele, nayo bado inalia, ngri, ngri, na hakuna shingo ya kuivaa.

"Amemla!" akapiga kelele. "Jamani, amemla kweli!"

"Nyamaza wewe!" Nyati akamkemea. "Si ndio mchezo wenyewe?"

"Kengele ile pale! Angalieni nyuma!"

"Kindi," akasema Mwalimu Korongo, machozi yanamtoka kwa utamu wa mchezo, "ngoja zamu yako. Usituharibie."

Na watu wanapiga makofi. Tena! Tena! Kindi akawatazama, akawaogopa kuliko alivyomwogopa Fisi.

Akashuka. Chini akakutana na mwenzake wa dawati, Kibeberu, anarukaruka.

"Kindi, nipongeze! Kesho nacheza mimi! Fisi amenishika mbavu, kasema, 'Huyu ndiye.'"

"Usiende, ndugu yangu. Utaliwa."

"Wivu huo! Kindi gani aliwahi kuitwa jukwaani?"

Kindi akamwacha. Ukweli kausema mtini, kakemewa. Kausema chini, kaitwa mwenye wivu. Basi zamu yake ilipofika akapanda kisikini, akakohoa.

"Mchezo ulikuwa mbovu."

Watu wakashtuka, haa! Fisi akaacha kujilamba.

"Mbovu wapi, kipanya wewe?"

"Uzimwi wako ni mzuri, mzee wangu. Lakini una kazi gani hapo? Una meno, una tumbo, una njaa. Mlaji kucheza mlaji, hata mtoto anaweza. Mchezaji hodari hucheza asichokuwa. Mbuzi wote hao wamepata jina, wewe ungali hapa. Kwa nini? Huwezi kucheza mbuzi."

"Siwezi nani? Mimi?" Fisi akavimba. "Kesho mbuzi ni mimi! Ngozi ninayo!"

Ngozi alikuwa nazo nyingi.

"Na zimwi?" akauliza.

"Niachie mimi," akasema Kindi. "Nitapata mtu wa kuvaa kinyago."

Akaenda mpaka pangoni kwa Chui, akasimama mbali, pale miguu inapoweza kukimbia.

"Shikamoo, Mzee Chui. Kuna kazi ya jukwaani. Maneno huna hata moja."

"Marahaba. Sasa nile kweli, au nijifanye?"

"Fanya kama alivyokuwa akifanya Fisi, mzee. Mchezo hatutaki kuubadili."

Kesho yake watu wakajaa. Fisi katoka na ngozi ya Mbarika, kengele shingoni, ngri, ngri. "Meee! Nimepotea miye!" Zimwi likatokea. Pazia likafungwa.

"We mtoto," wakamsikia Fisi akinong'ona, "mbona unanuka Chui?"

Kimya.

"Mimi si mbuzi! Jamani, mimi Fisi! Nisaidieni, ananila kweli!"

"Haya! Kaongeza maneno mapya!" Nyati akapiga ukelele. Mwalimu Korongo akasimama kwa mguu mmoja, analia. "Hii sasa ndiyo sanaa!"

Kwacha! Kwaru!

Chui akatoka peke yake, kifua chekundu, akainama. Makofi yakapasuka. Hakuna aliyemuulizia Fisi. Aliyenuna ni Kibeberu peke yake: "Ile nafasi ilikuwa yangu. Umeniharibia, Kindi."

"Kindi, panda kisikini," akasema Mwalimu. "Utuambie."

Kindi akapanda. Akamwona Nyati anafuta machozi ya furaha. Akamwona Kibeberu anavyonuna, mzima, kwato zote anazo. Akamwona Chui anajilamba masharubu, naye anamtazama yeye.

"Mchezo ulikuwa mzuri sana," akasema Kindi. "Tumejifunza mengi."

Mwalimu akampa alama zote.

"Kijana," Chui akamwita, "mchezo mwingine lini?"

Kindi alikuwa keshafika kileleni mwa mti.

Ngano yangu imefika mlangoni, imevua viatu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, meno sina lakini koo ninalo. Na funzo lake ni hili, wajukuu: ukienda kutazama mchezo, kaa chini, tazama pazia, piga makofi. Wenye kupanda miti hawana adabu.